Jengo la duka la zamani mjini Jinja, Uganda, liligeukaje kuwa nyumba ya wapangaji?

Mpangaji wa Jinja: Ndugu zangu, nawasalimu. Ninaishi katika jengo la zamani karibu na Barabara Kuu ya Jinja, lenye baraza ya nguzo mbele na mwaka 1926 uliochorwa kwa saruji juu ya paji lake. Ndani limegawanywa kwa plaiwudi kuwa vyumba vya kupanga. Changu kina mlango mpana wa mbao unaokunjwa mara nne, na nyuma upo ua mrefu unaotokea uchochoroni. Je, lilikuwa duka tu, na lilifikaje kuwa makazi?

Mzee wa Busoga: Mwanangu, ua huo unatosha kukujibu. Wafanyabiashara wa Kihindi waliojenga sehemu kubwa ya Jinja, hasa baada ya reli ya kwenda Namasagali kufunguliwa mwaka 1912 na pamba ya Busoga, eneo linaloizunguka Jinja, kupata njia ya kusafirishwa, hawakutenganisha biashara na makazi. Duka lilikuwa mbele, shehena ikawekwa katikati, na familia ikakaa nyuma au ghorofani, huku jiko na vyoo vikiwa uani ili taka ziondolewe kwa kupitia uchochoro bila kumgusa mnunuzi. Mlango wako ulikunjwa ili duka zima lifunguke barazani. Kwa hiyo watu walilala humo tangu mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba familia moja iliondoka, zikaingia nyingi.

Mkaazi wa Walukuba: Naunga mkono, ila mabadiliko hayo yana tarehe. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na majengo yao yakagawiwa wengine, wakiwemo askari ambao hawakuwa na uzoefu wa biashara. Bidhaa za rafuni zilipokwisha na za kuagiza zikakosekana, kukodisha vyumba kukawa ndiyo njia rahisi ya kupata fedha kutokana na kuta zilezile. Naona jambo hili lilichangia kuliko uhaba wa nyumba ambao husemwa mara nyingi. Baadaye sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya wenye mali kurudishiwa, na wengi walirudishiwa miaka ya 1990, wakawakuta wapangaji wakiwa wamekwishazaa na kulea humo.

Mpangaji wa Jinja: Shikamoo Mzee, nawashukuru nyote. Ninawezaje kumjua mmiliki wa sasa?

Mzee wa Busoga: Marahaba. Tafuta namba ya kiwanja, uende nayo ofisi ya ardhi ya kanda hapo Jinja, uombe kupekua daftari la hati. Angalia pia muda wa hati ya kukodi, kwa kuwa viwanja vingi vya mjini vilitolewa kwa miaka maalumu. Na mwenye nyumba akitaka kuung'oa mlango huo aweke wa chuma, msihini auache: mafundi wa kuutengeneza tena ni wachache mno.