Rili inasaga, breki inaruka, ncha ya fimbo imekatika: Nairobi umpelekee nani?

mto_gura

Wadau, salaam. Nina vitu vitatu mezani hapa Kasarani na sitaki kuvipeleka popote kabla sijawasikia:

– Rili (kifaa cha kukunjia mshipi) ndogo ya Shimano, ile ya kuning'inia chini ya fimbo. Ukizungusha mpini inasaga, utadhani ina mchanga ndani.
– Penn Senator ya mjomba, rili ya baharini, imeishi Mombasa miaka mingi. Breki, ile inayozuia mshipi usitoke ovyo, inashika, inaachia ghafla, inashika tena.
– Fimbo ya vipande viwili, ncha imekatika karibu na pete ya mwisho ya kupitishia mshipi. Mlango wa gari.

Njia nilizoambiwa ni nne: niviache duka la vifaa vya uvuvi, nitafute fundi wa jua kali Kirinyaga Road au Kariobangi, nivitume Pwani kwa mafundi wa boti, au niagize speya nje nijitengenezee. Aliyepitia zaidi ya njia moja anilinganishie. Pesa nitatafuta. Ninachoogopa ni kurudishiwa kitu kikiwa kibaya kuliko kilivyoenda.

kalipa_na_bisibisi

Shimano ndiyo rahisi, tuanze nayo. Rili ikisaga hivyo, mshukiwa wa kwanza ni beringi zilizoingia maji. Fungua upande wa mpini, toa beringi moja moja, izungushe kwenye ncha ya kidole. Mbovu utaisikia yenyewe. Huwa ina namba ubavuni. Kama imefutika pima kwa kalipa kipenyo cha ndani, cha nje, kisha upana. Yenye 5 kwa 11 kwa 4 milimita ni MR115. Yenye 3 kwa 10 kwa 4 ni 623. Hizo ni saizi za kawaida duniani kote, hata mota ndogo zinazitumia, kwa hiyo huna haja ya kumbembeleza mtengenezaji wa rili akuuzie zake.

Maduka ya beringi Kirinyaga Road, ukifika na ile ya zamani mkononi, watakujibu wanayo au hawana hujamaliza hata kusalimia. Ukifika na jina la rili watakutazama tu. Kama unavua mitoni, ya kawaida yenye ngao za chuma, iliyoandikwa ZZ, inatosha. Kama rili itagusa chumvi, omba isiyoshika kutu, yenye mpira pembeni, 2RS.

Kwa hiyo kwa sehemu, Kirinyaga Road inalishinda duka la uvuvi. Lakini kwa sehemu tu. Rili nzima usimwachie fundi wa magari. Jamaa yangu mmoja aliacha yake, ikarudi imeshindiliwa grisi nzito mpaka kwenye ile beringi ya upande mmoja, inayozuia mpini usirudi nyuma. Rola zake zikizama kwenye grisi zinateleza badala ya kuuma. Samaki akivuta, mpini unarudi kwa kasi na vidole ndivyo vinavyolipa. Hiyo inatakiwa iwe karibu kavu, tone la mafuta mepesi basi.

Kando kidogo: wazee bado wanaita mtaa ule Grogan, kwa sababu barabara ilikuwa Grogan Road. Ewart Grogan huyohuyo ndiye aliyeleta trauti kutoka Scotland akawatia mto Gura mwaka 1905. Mto_gura, samaki wako na beringi zako wana baba mmoja.

ngege_wa_masinga

Au apulize WD-40 aendelee na maisha.

kalipa_na_bisibisi

Hapana! Ile inaosha grisi iliyomo halafu yenyewe haikai. Rili itanyamaza siku mbili tatu, kisha gia zisagane kavu. Gia kubwa katika rili nyingi za bei ya kati ni zinki ya kumiminwa, na meno yake yamekatwa kwa kupinda. Zikishalika, usimsumbue mtu wa Kariobangi akuchongee nyingine. Bushi, shafti ya mpini, skrubu iliyopotea, hizo atakukerezea kwa shaba na zitatoka safi kuliko za kiwandani. Gia ya rili, hata akikubali, mkatalie wewe.

Nahodha_Mtwapa

Kaka mto_gura, niwie radhi kwa watu wa bara, lakini hiyo Senator ilete huku. Penn wameanza kuziuza mwaka 1936 na umbo lake ndani halijabadilika sana, kwa hiyo vijana wa boti za kuvulia wageni kuanzia Shimoni hadi Malindi wamezifungua na kuzifunga mpaka wamechoka nazo. Fundi wa Nairobi ataijifunzia kwenye rili ya mjomba wako.

Tatizo unalolieleza twalijua. Breki ile ni washa, vibamba vya duara vyenye tundu, zilizopangwa kwa zamu, laini kisha chuma, laini kisha chuma. Zile laini zikizeeka au zikiingia grisi isiyo yake, zinanata halafu zinaruka. Nguru mkubwa hukata mshipi papo hapo kwenye kule kuruka. Dawa ni kutoa zote, kusafisha bamba za chuma, kuweka washa za kaboni, na kupaka grisi ya breki ya rili, utando tu. Mafuta ya injini hapana. Mafuta ya cherehani pia hapana.

Na utazame msimu. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ikishika, kama Aprili mpaka Julai, bahari huwa chafu na boti nyingi zimepandishwa juu. Hapo fundi ana siku nzima na rili yako. Ukituma Desemba, wageni wamejaa, itakaa ndani ya ndoo mpaka Pasaka na hakuna wa kumlaumu.

mto_gura

Shukrani nahodha. Sasa mimi sijui mtu yeyote Mtwapa. Huyo kijana wa boti nampataje?

Nahodha_Mtwapa

Hana duka wala bango, hilo kweli. Usipitie mapokezi ya hoteli, watakutafutia mtu wa kukuuzia safari. Mtafute nahodha, umuulize jambo moja: rili za boti yako nani huzifungua? Atakutajia mtu bila kufikiri. Akianza kufikiri, tafuta nahodha mwingine.

Kutuma ni basi la usiku, ofisi ya vifurushi, upate risiti. Rili ivuliwe kwenye fimbo, ipigwe picha pande zote, na ndani ya boksi uweke karatasi: tatizo ni nini, unataka nini kifanywe, na nini kisiguswe. Fimbo itie ndani ya paipu ya PVC ya maji yenye vifuniko, la sivyo utapokea fimbo ya vipande vinne.

DadaTrauti

Fimbo isisafiri kokote, hiyo ni kazi ya nusu saa. Niko Rongai, nafunga pete za fimbo jioni baada ya kazi, kwa hiyo najua ninachosema.

Kama imekatika sentimita chache kutoka mwisho, huhitaji fimbo mpya wala fundi. Zungushia tepu, kata palipopasuka kwa msumeno wa meno madogo, lainisha kwa faili. Koleo weka mbali, zinaminya na kupasua nyuzi za kaboni kwa urefu. Vaa barakoa, vumbi lile halifai kifuani. Kisha nunua pete ya ncha, ile yenye bomba dogo. Huuzwa kwa upana wa tundu la bomba, na vipimo vyake ni vya sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo nenda na kipande chenyewe dukani, usikisie kwa macho. Bandika kwa gundi ya vijiti inayoyeyushwa kwa moto. Watu hukimbilia gundi ya Araldite kwa kuwa ina nguvu, na ndiyo ubaya wake: siku pete ikivunjika tena haitoki bila kuharibu fimbo. Ya vijiti unaipasha kidogo, inaachia.

Nikuambie na hasara. Ncha itakuwa ngumu kuliko zamani na chambo chepesi hakitaenda mbali kama kilivyokuwa kikienda. Kwa kambare hutajua kitu. Kwa trauti wa Gatamaiyu utajua.

Ukiwa hapohapo, pitisha pamba ndani ya kila pete. Ikiacha nyuzi, kauri ina ufa, na hapo ndipo mshipi wako unapokatikia kila mara huku ukimlaumu aliyekuuzia mshipi. Kubadilisha pete ya katikati ndiyo kazi ya mtu mwenye mikono: uzi ufungwe upya, epoksi ipakwe, na fimbo izungushwe polepole mpaka ikauke, la sivyo gundi yote inashukia upande mmoja. Mimi natumia mota ya kuchomea kuku. Wifi yangu hajanisamehe.

mzee_wa_kambare

Naona duka limetupwa kabla ya kusikilizwa. Vijana, si kila mtu ana kalipa na jioni za kuchezea.

Mimi hupeleka dukani. Ndiyo, ni ghali. Ndiyo, mara nyingi duka halitengenezi lenyewe, lina fundi wake mahali. Lakini kuna risiti, kuna mtu wa kuulizwa, na fundi wao ameshaona rili za kutosha kujua kwamba kifuniko kile hakifunguki mpaka utoe skrubu iliyofichwa chini ya stika. Kabla ya kuacha kitu mimi huuliza mambo mawili. Nani hasa atakifungua? Na sehemu ya zamani nitarudishiwa? Hilo la pili ni muhimu. Kuna duka moja, sitalitaja, lilinitoza beringi mpya. Nikaomba kuziona za zamani, ikawa leo zipo kwa fundi, kesho fundi amesafiri. Sijarudi. Linalonirudishia kibahasha chenye vyuma vichakavu ndilo ninalolilipa bila kunung'unika.

Na kama rili bado iko kwenye dhamana, usiiguse kwa bisibisi. Dukani moja kwa moja.

kalipa_na_bisibisi

Mzee, kwa dhamana nakubali. Kwa rili ya bei nafuu sikubali, maana ukilipa duka, fundi na usafiri, umenunua nyingine. Swali la kwanza liwe kama kitu chenyewe kinastahili.

Kuhusu kuagiza: mguu wa rili una namba, ule unaokaa kwenye fimbo. Kwa namba hiyo unapata mchoro wa rili iliyotawanywa, kila kipande na namba yake, hata kispringi cha ukucha. Unaagiza kwa namba, si kwa maelezo. Kinachouma ni kusafirisha. Springi yenyewe ni ya pesa kidogo, nauli yake inaweza kuizidi mara kadhaa, halafu ushuru na VAT ya asilimia 16 vikungoje. Ndiyo maana kwa speya peke yake naona tufanye kama chama: watu kumi, oda moja, mmoja anapokea, M-Pesa tunachangia kulingana na mzigo. Washa za breki za kaboni ni nyepesi, zinaingia kwenye bahasha moja za watu wote.

ngege_wa_masinga

Chama niko. Ila mweka hazina asiwe mvuvi. Atatuambia pesa ilikuwa kubwa hiviii lakini ikachomoka.

DadaTrauti

😂 Nitaishika mimi.

Lakini jambo moja. Kila mwezi mtu huuliza hapa "fundi mzuri wa rili Nairobi ni nani" na kila mwezi anatajiwa mtu asiyemfaa, kwa sababu hakuna mtu mmoja anayefanya yote. Anayejua kukereza shaba hajui breki. Anayejua breki yuko Mtwapa. Mimi najua fimbo na rili siigusi. Tukiandika orodha, tuipange kwa ugonjwa: inasaga, inarudi nyuma, breki inaruka, ukucha haufungi, pete imetoka, fimbo imevunjika katikati. Mbele yake mtu na mtaa wake, aliyepelekea, speya ilitoka wapi, na kama ilidumu msimu.

Ongezeni na mafundi wa kamera na wa saa pale mjini. Skrubu ndogo na springi za kuruka ndizo kazi yao ya kila siku, na wana subira ambayo fundi wa gari hana.

mzee_wa_kambare

Namba za simu zisiwekwe hadharani bila wenyewe kukubali. Kuna sheria ya kulinda data tangu 2019, na hata bila sheria ni adabu. Fundi wangu hugusa rili Jumapili tu. Mkimpigia wote Jumatatu atazima simu, nami nitakosa fundi.

DadaTrauti

Sawa mzee. Tutaweka jina la kazi na mtaa, na anayemjua ndiye atakayeunganisha baada ya kumuuliza.

mto_gura

Basi nimepata. Jumamosi naenda Kirinyaga Road na beringi za Shimano mfukoni. Ncha nitaikata mwenyewe, DadaTrauti nitakutumia picha kabla sijagusa gundi. Senator nitaituma kwa nahodha kusi ikianza, nisikae kwenye foleni ya wageni. Washa zake niingizeni kwenye oda ya chama.

Nahodha_Mtwapa

Vyema. Mpaka siku hiyo, ilegeze ile nyota ya kukazia breki, iliyo kando ya mpini, kabisa, isikae imebana.

kalipa_na_bisibisi

Na kwa oda nahitaji namba iliyo ubavuni mwa Senator. Ikiwa 113 ni ya saizi 4/0, ikiwa 114 ni ya saizi 6/0, na washa zao hazifanani. Soma pia kama kuna herufi H nyuma yake, uniandikie vilevile ilivyo.

mto_gura

Imeliwa na kutu kidogo. Naona 11 na kitu. Nitaisugua kwa mswaki jioni nikuambie.