Naomba ushauri: korodani moja ya mwanangu haijashuka

Habari zenu ndugu zangu. Mwanangu ana miezi 14, na korodani ya kulia haijashuka tangu azaliwe. Nikimwogesha naipapasa juu kwenye kinena, inateleza chini ya kidole, lakini mfuko upande huo ni mtupu. Tuliambiwa tusubiri miezi 6 maana nyingi hushuka zenyewe, haikushuka. Sasa daktari anashauri upasuaji kabla ya miezi 18, kulinda uzazi wake na kupunguza hatari ya saratani ukubwani. Babu yake anasisitiza tungoje akue. Mimi kinachoninyima usingizi ni nusu kaputi, bado mdogo mno jamani.

Mliopitia hili, mtoto aliamkaje baada ya nusu kaputi? Na kidonda mlikikingaje na mkojo wa nepi?