Displei inaandika ÔANKÉ badala ya TANKI, PLC kwa RS-232: naombeni ushauri

Relei_24
Wakuu, habari za kazi. Nina PLC (kompyuta ndogo ya kuendeshea mitambo) inayotuma maandishi kwa RS-232, yaani biti moja moja kwenye waya, kwenda displei ya LED ya mstari mmoja, ionyeshe ujazo wa tanki kwa asilimia. Ujumbe ni neno TANKI, nafasi, namba, kisha CR (msimbo wa kurudi mwanzo wa mstari) ya kumalizia. Kinachotokea ni ÔANKÉ, na ujumbe unaofuata hauanzi mwanzo wa mstari bali unajibandika mbele ya uliopita. Penye namba panatokea alama zisizoeleweka, ila ujazo ukifika 65 inatokea herufi A. Nikituma TANKI 65 kwa laptopu, displei inaandika vizuri kabisa. Kasi pande zote ni biti 9600 kwa sekunde. Waendeshaji wanafunga vali kwa kuangalia namba hiyo, siwezi kuiacha hivi. Nianzie wapi?

WayaMweusi
Anzia kwenye kebo, mkuu. Iliyofaa kwa laptopu si lazima ifae kwa PLC. Pini ya kutuma iingie ya kupokea, na graundi iwe imeungwa. Weka multimita kati ya pini ya kutuma na graundi wakati hakuna kinachotumwa: unatakiwa kuona volti hasi, kati ya -3 na -15. Angalia pia kebo isilale pamoja na nyaya za inveta ya mota (kifaa cha kubadilisha kasi yake).

Relei_24
Nimepima, napata -8.6. Kebo ni fupi na ina njia yake peke yake.

BitiYaNane
Basi waya ni mzima. Kelele za inveta zingeharibu herufi yoyote, sasa hii, baadaye ile; hapa ni T na I zilezile kila mara. Kasi ingekuwa inapishana, hata hiyo ANK usingeiona.

Tazama hesabu. T katika ASCII, jedwali la misimbo ya herufi ya biti 7, ni 84, na Ô katika Latin-1, jedwali la biti 8, ni 212. I ni 73, É ni 201. Tofauti kote ni 128, yaani biti ya nane imewaka. Sasa hesabu tarakimu 1 zilizomo ndani ya kila herufi: T ni 1010100, zipo tatu. I ni 1001001, tatu tena. A ina mbili, N na K nne nne. Zinazoharibika ni zenye idadi witiri tu. PLC yako inatuma biti 7 na pariti shufwa (7E1), yaani biti ya ukaguzi inayowashwa ili idadi ya 1 iwe shufwa; displei inapokea biti 8 bila pariti (8N1), kwa hiyo inaisoma biti ya pariti kama sehemu ya herufi. Mipangilio yote miwili ina jumla ya biti 10 kwa herufi, ndiyo maana hakuna kosa la fremu (biti ya mwisho kukosekana mahali pake) linalokushtua.

Na mstari hauanzi upya kwa sababu hiyohiyo: CR ni 13, yaani 0001101, witiri. Inafika ikiwa 141 na displei haiitambui. Weka PLC kwenye 8N1. Displei usiiguse, laptopu imeshathibitisha iko sawa.

Relei_24
Imekubali! TANKI inasomeka na mstari unaanza upya. Namba bado: kwenye 25 hakuna kitu, kwenye 65 ni A ileile.

MamaRejista
Hiyo A ndiyo jibu, ndugu yangu. Unatuma thamani ya rejista (sehemu ya kumbukumbu ya PLC inayohifadhi namba) kama ilivyo. 65 ni msimbo wa A. 25 ni msimbo wa udhibiti usio na umbo, displei inaumeza. Ili isomeke 25 lazima zitoke baiti mbili, 50 na 53. Tafuta kwenye programu yako agizo la kugeuza namba kuwa maandishi.

Ukishageuza, chunga mpangilio wa baiti. Rejista ya biti 16 hubeba herufi mbili, na ikitangulia ile isiyostahili, 25 itaandikwa 52. Hilo linanitisha kuliko ÔANKÉ, kwani 52 inaonekana kipimo halali. Usijaribu kwa 33 wala 55, hazitakufichulia kitu.

BitiYaNane
Naongezea: namba ichukue nafasi tatu daima, ikipungua jaza nafasi tupu mbele. Kwenye displei nyingi CR hurudi mwanzo wa mstari tu, haifuti kilichoandikwa. Ujazo ukishuka kutoka 100 hadi 99, waendeshaji wako watasoma 990.