Ruzuku ya pauni 7,500 ya kubadili boila: nani amepitia?

Bi Zuhura, Leicester
Assalaam alaykum ndugu zangu. Boila yetu ya gesi ina miaka 19. Jumanne imezima tena alfajiri, na mama yangu, aliyekuja kutoka Tanga mwezi wa tisa, ameswali amejifunika mablanketi mawili. Iliniuma sana. Fundi anasema spea zake hazipatikani tena. Juzi kijana akabisha hodi: eti serikali inatoa pauni 7,500 za kufunga pampu ya joto, ila nimpe 300 kwanza "ashike nafasi". Nyumba ni yetu, vyumba vitatu, imebanwa na majirani huku na huku. Je, ni kweli? Hela naingiziwa mimi? Na Januari mama atapata joto?

Abuu Salim, Northampton
Wa alaykum salaam dada. Usimpe hata senti. Ruzuku ipo kweli, inaitwa Boiler Upgrade Scheme, ni ya England na Wales, na wasimamizi ni Ofgem, mamlaka ya serikali ya kusimamia umeme na gesi. Mwanzoni pampu ya kuvuta joto hewani ilipewa 5,000. Tangu Oktoba 2023 ni 7,500. Lakini hela hiyo haipiti mkononi mwako. Anayeomba ni fundi aliyesajiliwa MCS, yaani mfumo wa kuthibitisha mafundi wa kazi hizi, Ofgem wanakuuliza wewe kama umemruhusu, kisha fundi anaikata kwenye bei yake. Hakuna nafasi ya kushikiwa mlangoni. Tafuta fundi mwenyewe kwenye orodha ya MCS.

Mama Neema, Leeds
Pole Zuhura mdogo wangu, mpe mama shikamoo yangu.

Yangu ilifungwa mwaka juzi. Bei ilikuwa 12,400, nikalipa 4,900. Pampu inavuta joto lililomo hewani, hata nje kukiwa na barafu, kama friji inavyotoa joto la ndani na kulitupa mgongoni. Uniti moja ya umeme inaleta kama tatu za joto. Sasa sikiliza: uniti ya umeme huku inauzwa karibu mara nne ya gesi. Kwa hiyo nyumba ikipimwa ovyo, bili inapanda. Mafundi wawili wa kwanza walinitajia bei wakiwa wamesimama sebuleni, nikawaaga. Wa tatu alikaa muda wa saa tatu, akapima kila chumba, madirisha, kuta, mpaka dari. Huyo ndiye niliyempa kazi. Alibadili radieta tano kati ya nane kwa kuweka kubwa zaidi, maana maji yanazunguka kwenye nyuzi 45 tu, siyo 65 kama ya boila. Ukigusa radieta ni vuguvugu. Wiki ya kwanza nililia nikidhani nimepoteza hela. Kumbe haitakiwi kuwashwa na kuzimwa kama boila. Iache ifanye kazi polepole usiku na mchana. Mama akiamka alfajiri, chumba hakijapoa. Kwa mtu mzima hilo ni jambo kubwa kuliko bili.

Tangi la maji moto linalofungwa pamoja na pampu limekula kabati langu la mashuka, hilo nakuambia mapema.

Mwana wa Pemba, Glasgow
Walio Scotland, mpango wetu ni mwingine: Home Energy Scotland, ruzuku 7,500 na mkopo wa 7,500 usio na riba. Kwetu Waislamu hilo la riba lina uzito. Pia VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, ya kufunga pampu ni sifuri mpaka Machi 2027.

Bi Zuhura, Leicester
Mungu awalipe. Kijana amerudi leo, nimemwambia ruzuku anaomba fundi wa MCS, akaondoka bila kuaga. Mama amewaitikia, marahaba. Dada, kabati la chini ya ngazi lina upana wa sentimita 70 na kina cha 80. Tangi litaingia?

Mama Neema, Leeds
Langu ni la lita 200, kipenyo sentimita 55, kwa hiyo upana unatosha. Tatizo ni urefu, linakaribia mita moja na nusu, na ngazi huinama. Pima pale linaposimama, siyo mlangoni.