Naomba ushauri: hondohondo ananikosesha usingizi

Wa Ukingoni
Wakuu, heshima kwenu. Mimi si mtu wa ibada sana, ila wiki ya tatu hii silali vizuri kwa sababu ya ndege. Ukingoni mwa msitu kuna mti mkubwa, na kila siku hondohondo dume anautembelea. Anatua, anagonga gome, kisha anakohoa kuyu. Moja. Analipitisha kwenye ufa, mdomo wa ndani unalipokea. Anakohoa la pili. Juzi nilihesabu yakafika kumi na saba, yote alikuwa nayo kooni. Jike yumo humo kwenye shimo, limezibwa kwa tope, umebaki upenyo wa kidole.

Swali langu: nani kamfundisha? Na mtu akijaliwa kuona jambo kama hili, ni ishara kwake, au ndege wanaendelea na mambo yao tu? Naombeni busara, nina siku chache za kuamua.

Shangazi Mkavu
Kuamua nini?

Domo Kaya
Huyo dume nimemkubali. Unamziba mke ndani, hana pa kwenda, simu unabaki nayo wewe 😂

Shangazi Mkavu
Domo, soma kabla ya kucheka. Jike anajiziba mwenyewe, kwa ndani. Dume kazi yake kumletea tope na kumlisha, na kwa hondohondo wakubwa wa misituni hiyo ni zaidi ya miezi mitatu, bila kukosa. Wewe ungeweza siku ngapi?

Domo Kaya
Napita tu mimi.

Mzee Kivuli
Kijana, hiyo ni ishara, usitafute mchawi. Muumba hakuwapa ndege vitabu, kawapa ujuzi ndani ya mifupa. Nikiwa rika lako nilimfuata mlembe, yule ndege anayeongoza watu kwenye asali. Alikuja kupiga kelele juu ya kichwa changu, akaruka mti wa mbele, akanisubiri. Nikisimama, anarudi kunifokea. Mwendo wa nusu saa hivi, akanyamaza kwenye mti mmoja, na nyuki nikawasikia kabla sijawaona. Tulipotoa asali tukamwachia masega, maana yeye chake ni nta. Ndege na mtu, nani kawakutanisha?

Tundu la Sindano
Mzee yuko sahihi kwa hilo. Kule Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Wayao wana mlio maalumu wa kumwita, "brrr-hm". Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha kwamba mtu akitoa mlio huo, nafasi ya kufikishwa kwenye nyuki inapanda kutoka asilimia 16 hadi 54.

Ila mzee, malizia hadithi. Mlembe huyohuyo hajengi kiota. Anataga kwenye mashimo ya wenzake, keremkerem kwa mfano. Kinda lake linaanguliwa kipofu, lina ndoano kali kwenye ncha ya mdomo, na gizani humo linawang'ata watoto wa mwenye nyumba mpaka wafe. Mama wa watu anakuja na chakula, anamlisha muuaji. Kama ya hondohondo ni hekima, hii tuiiteje?

Mzee Kivuli
Hilo sikuulizwa. Mleta uzi kauliza habari za hondohondo.

Shangazi Mkavu
Na mimi niliuliza la kwangu. Kuamua NINI?

Wa Ukingoni
Sawa, shangazi. Mti ule uko upande wa shamba langu. Kuna mtu wa mbao ameutaka, nusu ya malipo nimeshapokea, na nimeshaitumia. Msumeno unakuja Jumamosi.

Kabla hamjanishukia: mti wenyewe ni mzee, una shimo, upepo ungeuangusha tu. Msitu ni mkubwa na ndege wana mabawa. Halafu humo ndani kuna yai moja tu, hakuna hata kifaranga. Sioni kosa liko wapi, nilitaka tu mawazo ya watu wanaomjua Mungu.

Mzee Kivuli
Umepokea hela ndipo ukamkumbuka Mungu. Vijana!

Tundu la Sindano
Hondohondo hawezi kuchimba shimo kama kigong'ota. Anategemea mti mzee wenye shimo lake tayari, na akilipata jozi hurudi hapohapo miaka na miaka. Kwa hiyo huo "uzee" unaoutaja ndio thamani yake. Halafu majike wa aina nyingi hupukutisha manyoya ya mabawa wakiwa wamejifungia. Unasema ana mabawa? Labda si mwezi huu.

Msumari
Wakuu tulieni, hii ni chai. Uzi unaanza na upenyo wa kidole. Sasa jamaa anajua ndani kuna yai moja. Kaliona kwa darubini gani?

Domo Kaya
Chai ya moto kabisa 😂 Nilijua tu, kuyu kumi na saba nani anahesabu?

Msumari
Mleta uzi, picha. Huna, tufunge mjadala. Kuna watu wanatunga ili waonekane wana roho.

Shangazi Mkavu
Nami ningependa kusikia hilo la yai.

Wa Ukingoni
Sina picha. Nililiona kwa sababu nilibomoa.

Jumanne ya wiki mbili zilizopita niliweka ngazi. Nilijiambia nahakikisha tu, na nikiharibu kidogo watahama wenyewe, lawama zisiniangukie. Lile tope ni gumu kama tofali, nilitumia bisibisi. Kilitoka kipande cha kiganja hivi. Hakuruka, hakupiga kelele. Alirudi nyuma mpaka ukutani, akanitazama kwa jicho moja. Yai lilikuwa miguuni pake, jeupe lililochafuka. Nikashuka.

Kesho yake asubuhi nikakuta anaziba. Si kwa tope, kwa kinyesi chake na mabaki ya makuyu, anapigapiga kwa ubavu wa mdomo kama fundi na mwiko wake. Dume akaja saa yake ileile, akagonga, akakohoa. Hapo ndipo usingizi ulipopotea.

Msumari
Aisee. Naifuta chai yangu.

Tundu la Sindano
Ningekuwa wewe ngazi ningeichoma kuni. Bila utani, usisogee tena pale, ukimsumbua mara ya pili anaweza kuliacha yai.

Mzee Kivuli
Nilisema ni ishara.

Tundu la Sindano
Mzee, ndege anaokoa yai lake, hamhubirii mtu.

Mzee Kivuli
Na nani kasema haviwezi kwenda pamoja?

Shangazi Mkavu
Endeleeni nyie wawili. Mwanangu, mwambie mtu wa mbao asubiri watoke. Akikataa, mrudishie hela yake kidogokidogo. Utafokewa, hutakufa.

Wa Ukingoni
Yule si mtu wa kusubiri, shangazi. Halafu nilimwahidi kwa mdomo wangu.

Shangazi Mkavu
Na bisibisi uliishika kwa mkono wako.

Wa Ukingoni
Nimempigia. Hapokei.

Domo Kaya
Mtumie meseji mkuu. Watu wa misumeno huwa hawasikii simu.