Mtoto anachati na watu asiowajua kwenye gemu, nimlinde vipi?

MamaWawili_Tabata
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kwa wenye watoto. Mwanangu wa kwanza ana miaka 9, anacheza gemu moja ya mtandaoni kwenye tableti, zile za vibonzo mnajenga nyumba mnakimbizana, watoto wote wa mtaani wanaicheza na mimi sikuona ubaya maana haina damu wala matusi. Sasa juzi napita nyuma yake naona anachati, kuna mtu anamuuliza unakaa wapi, nyumbani muda huu upo na nani, halafu anamwambia ampe namba ya WhatsApp amtumie zawadi ya hela za kwenye gemu. Namuuliza huyu nani, ananijibu "rafiki yangu". Rafiki gani hajawahi kumuona hata sura? Mwili uliniisha nguvu. Baba yake anasema tableti ifungiwe kabatini yaishe, mimi naona tukifunga atahamia kibanda cha gemu pale kona na kule simuoni kabisa. Nyie mnafanyaje?

FundiSimu_Kkoo
Pole sana dada. Kwanza usifute hiyo chati, piga skrinishoti maneno yake yote na jina la akaunti, ukimaliza ndo umripoti humohumo kwenye gemu na kumbloku. Ukianza na kubloku ushahidi unaweza kupotea.

Pili nenda kaangalie mwaka wa kuzaliwa uliojazwa kwenye akaunti ya mtoto. Hapa ndo wengi wanapigwa, mtoto au binamu yake anajaza 2004 ili akaunti ifunguke haraka, gemu inamhesabu mtu mzima na ulinzi wote wa watoto unakaa pembeni. Mfano gemu ya Roblox, tangu mwisho wa 2024 mtoto chini ya miaka 13 hawezi kutumiana meseji za siri nje ya mchezo, na ndani ya mchezo zimezimwa mpaka mzazi aruhusu, na mzazi anaweza kufungua akaunti yake akaiunganisha na ya mtoto, akaona marafiki zake, akapanga muda na matumizi ya hela akiwa kwenye simu yake mwenyewe. Watakutaka uthibitishe umri kwa kitambulisho au kadi ya mkopo (credit card), usichoke njiani. Gemu ya Free Fire nayo usisahau maiki, watoto wanaongea na timu nzima na wewe unasikia upande wa mwanao tu.

Na kama tableti ni ya Android weka Family Link, programu ya Google ya wazazi, bure kabisa, hapakuliwi programu mpaka wewe ukubali na usiku inajifunga saa uliyopanga.

BintiPwani_Msa
Dadangu pole. Mimi naongezea upande wa pesa kwa sababu hiyo "zawadi" ndiyo chambo chenyewe. Hakuna mtu anagawa Robux (hela za Roblox) wala almasi (hela za Free Fire) za bure, zile saiti zinazoahidi hivyo zinataka nywila ya mtoto tu. Na huku Kenya Google Play inakubali M-Pesa, kwa hivyo PIN yako usimtajie mtoto hata kama una haraka na unataka akununulie tokeni za stima. Ingia Google Play, upande wa malipo, uiambie idai nywila kila ununuzi, kila mmoja, si mara moja kwa siku.

BabaJunior
Mi naungana na mzee mwenzangu, kabatini. Miaka 9 anachati na nani?

Mwl_Rehema
Baba Junior nakuelewa, ila fikiria mtoto anajifunza nini. Leo kaulizwa tu swali mnafungia tableti, kesho yule mtu akimtumia picha chafu au akamtisha, atakwambia? Hatasema, maana ameshajua kusema ni kunyang'anywa. Na wale watu hicho ndicho wanachokitegemea, wanamwambia mtoto "usimwambie mama". Mimi wangu nimewaahidi, ukija kuniambia mtu kakuuliza vitu vya ajabu gemu siifuti, na ahadi hiyo sijaivunja hata siku nimekasirika. Halafu gemu inachezewa sebuleni, hakuna hedifoni, hakuna kuingia nayo chumbani, nikiwa jikoni nasikia kila kitu. Siku nyingine kaa naye ucheze, hata ukishindwa, utawajua hao marafiki zake kwa majina.

Mama Wawili, mtu akiendelea kumtafuta au akitoa vitisho piga 116, ni simu ya kusaidia watoto, bure, Tanzania na Kenya namba ni hiyohiyo. Na kituo cha polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, nenda na zile skrinishoti.

MamaWawili_Tabata
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeangalia mwaka, kweli umejazwa 2005! Mjomba wake ndo alimfungulia. Baba yake nimemsomea maneno ya mwalimu, amekubali tableti ikae sebuleni. Sasa huyo mjomba ana PS4, mashine ya gemu, na wikiendi wanashinda huko, naskia kuna gemu ya GTA, hiyo nayo vipi?

FundiSimu_Kkoo
GTA V ni ya miaka 18, kwenye kava kuna alama kabisa, hapo usibembelezane na mjomba. Mwambie amfungulie mtoto akaunti yake ya mtoto kwenye ukurasa wa familia wa PlayStation, aweke kikomo cha umri, azime chati na matumizi ya hela yawe sifuri. Halafu abadilishe namba ya siri ya vizuizi, PS4 inakuja nayo ikiwa 0000 na watoto wengi wanaijua.