Nimeacha sigara siku 19 sasa, choo kimegoma. Naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Mimi ni dereva wa lori, njia yangu kubwa ni Dar–Tunduma. Nina miaka 43 na nimevuta tangu nikiwa na 22, pakiti moja kwa siku, safarini zaidi ya hapo. Binti yangu wa mwisho ana pumu. Usiku mmoja alibanwa kifua, nikambeba kumkimbiza hospitali huku shati langu likinuka moshi. Kesho yake nikaacha. Leo siku ya 19 sijagusa hata moja.

Shida ni tumbo. Zamani asubuhi ilikuwa chai ya rangi na sigara, na kabla haijafika nusu niko chooni. Miaka yote hiyo sikujua kukosa choo ni nini. Sasa zinapita siku tatu hadi nne, na kikija ni kigumu, vidonge vidonge kama vya mbuzi. Gesi imejaa. Juzi napanda mlima Kitonga nililazimika kufungua mkanda wa suruali.

Wenzangu wananiambia, "Vuta moja tu asubuhi, ufungue tumbo." Kuna aliyepitia haya? Yanaisha? Sitaki kurudi kule.

Mama Wawili: Pole sana kaka, na hongera. Mume wangu alipoacha ilikuwa hivyo hivyo, wiki tatu za kwanza alikuwa mkali ndani ya nyumba kwa sababu ya tumbo tu. Yaliisha. Usikubali hiyo "moja tu", ndiyo iliyomrudisha mara ya kwanza.

Fundi Bomba: Mkuu tafuta mafuta ya nyonyo, vijiko viwili usiku. Asubuhi utanishukuru.

Nesi Mstaafu: Fundi, mwanangu, nyonyo inakata tumbo na kuharisha ghafla. Huyu yuko barabarani na lori la tani 30, ataegesha wapi?

Sasa dereva, nisikilize. Hujapata ugonjwa mpya. Nikotini iliyo kwenye sigara inachochea mishipa ya fahamu ya utumbo, kwa hiyo kwa miaka 21 utumbo wako mpana umekuwa ukisukumwa kila asubuhi na sigara. Kichocheo kimeondoka na utumbo umepoa. Kwa wengi hali hii hutulia ndani ya wiki chache. Ukivuta hiyo moja, choo kinaweza kuja, lakini pamoja nacho inarudi kiu yote uliyoishinda kwa siku 19.

Cha kufanya. Maji kwanza, kwa sababu najua madereva mnajinyima maji ili msisimame njiani. Halafu ugali wa dona badala ya sembe, maharage, matembele, papai bivu, ubuyu. Ongeza kidogo kidogo. Ukivamia maharage siku moja, gesi itakutesa zaidi. Chai yako ya asubuhi usiiache, maana tumbo likipokea kitu cha moto baada ya usiku mzima utumbo huamka. Kunywa, kisha nenda chooni saa ile ile kila siku hata kama hujabanwa. Choo cha kuchuchumaa ni kizuri. Cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu. Na ukibanwa njiani usijizuie, kinyesi kikikaa ndani maji yake yananyonywa na kinazidi kukauka.

Zikipita siku nne tena, muulize mfamasia laktulozi, dawa ya maji ya kulainisha choo. Inachukua siku moja mpaka tatu kufanya kazi, basi usiongeze dozi kwa papara. Mwambie pia dawa nyingine unazotumia, kwani vidonge vya madini ya chuma na vya maumivu vyenye kodeini vyenyewe hufunga choo.

Ila ukiona damu, choo cheusi kama lami, unakonda bila sababu, unatapika, au tumbo limevimba na hata hewa haitoki, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisingizie sigara.

Mzee wa Makambako: Na kahawa je? Mimi nilipoacha nilikosa usingizi kabisa.

Nesi Mstaafu: Swali zuri. Moshi wa sigara hulifanya ini limalize haraka kafeini, ile ya kwenye kahawa inayofukuza usingizi. Ukiacha, kikombe kile kile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Punguza, hasa jioni. Na vinywaji vya kuongeza nguvu pia, nyie madereva.

Mwenye uzi: Shikamoo mama. Kumbe ndiyo maana silali! Nilikuwa nakunywa hivyo vinywaji vitatu kwa usiku. Nashukuru mno, naanza leo.

Mwenye uzi (mrejesho, siku ya 33): Wakuu, nimerudi. Dumu la lita tatu liko pembeni ya kiti, likiisha najaza. Ruaha Mbuyuni nashuka kununua ubuyu, na utingo wangu naye kaupenda. Laktulozi nilitumia siku tano tu. Sasa napata choo karibu kila siku, laini, bila kusukuma, ingawa gesi bado ipo kidogo jioni. Mama, nilikosea kuiacha dawa mapema?

Nesi Mstaafu: Marahaba baba. Hujakosea, choo kikilainika unaiacha. Maji usiache.

Mama Wawili: Na mtoto anaendeleaje?

Mwenye uzi: Wiki mbili hajabanwa dada. Mashati nimefua yote.